Alichoniachia Ricky

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa mwisho umeanza. Mvua imekwisha, matope ya mtaa wetu wa Kikula yamekauka, na kila kilichokuwa kimefunikwa na matope sasa kiko wazi: mifuko, vichwa vya samaki, kiatu cha mtoto. Nimefika shuleni nikiwa tayari nimekasirika.

Nyumbani wananiita Mama Kinyaa kwa sababu sinywi kwenye kikombe cha mtu na siketi kwenye kiti chenye joto la mwingine. Waniite tu. Mama anauza thomson, samaki wa barafu, sokoni, na mtu aliyekulia ndani ya harufu ile ana haki ya kuchagua kitakachomchefua.

Sisi wa darasa la tano la sekondari tumeambiwa tulete unga wa mahindi. Ni wa kupikia munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa ajili ya testamenti ya finalisti. Sina hamu nayo hata kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Baridi asubuhi. Jessy, jirani yangu wa dawati, amepenga kamasi kwenye pindo la sketi yake kisha akaniomba kalamu. Nimempa na nimemwambia abaki nayo.

Jumatano, 14 Mei

Niieleze testamenti, maana leo nimeshindwa kula nikiifikiria.

Finalisti, yaani wale wa darasa la sita wanaongoja mtihani wa Serikali, kabla ya kuondoka wanatugawia tabia zao. Kila mmoja anasimama mbele ya shule nzima na kumtaja mtu wa darasa la tano. Anasema anamwachia nini: uvivu, ulafi, kicheko kibaya. Halafu anakunywa munkoyo kidogo kwenye kikombe, anampa mrithi, na mrithi anamaliza yaliyobaki na kusema "Nimepokea." Kikombe ni kimoja tu. Hakioshwi. Kinaanza kwa mtu wa kwanza na kwenda hadi wa mwisho, na mapadri wa shule yetu, watu waliosoma hadi ng'ambo, wanakaa mstari wa mbele na kupiga makofi.

Anayekataa kunywa anaitwa Yatima. Mwaka jana msichana mmoja alikataa, na mpaka leo hata walimu wanamwita hivyo. Anakula peke yake wakati wa mapumziko.

Ningekuwa na uwezo ningeugua siku hiyo.

Jumamosi, 17 Mei

Sikuugua.

Ukumbi ulijaa. Ndoo ya munkoyo ilikuwa mezani, na nzi walikuwa wamefika kabla ya wageni. Alianza Clovis, anayelala darasani huku macho yake yako wazi.

"Minye Clovis, niko na akili timamu, naachia Jessy usingizi yangu yote ya saa ya fizikia. Alale muzuri, lakini asikorome, prof naye ataamuka!"

Watu walicheka. Jessy alikunywa kama anakunywa sakramenti, akajilamba. Fidélie alimwachia mtu uchelewaji wake wa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Germain aliacha jicho lake la kutazama maandazi ya wengine mpaka wampe. Kikombe kikazidi kuzunguka. Nilikuwa nikikifuata kwa macho na kuhesabu midomo mpaka nikapoteza hesabu.

Kisha akasimama Ricky. Ricky amefanya mtihani wa Serikali mara tatu na kuanguka mara tatu, na shule nzima inampenda kwa hilo. Ana ndevu. Anatafuna kalamu za watu na kuzirudisha zikiwa na maji. Anacheka kabla hajasema kitu, wengine wote wanamfuata, na mimi sijawahi kuona kinachochekesha.

"Minye Ricky," akasema, "mwenye kufanya examen d'État kupita bote hapa, hata kupita prof mwenyewe, naachia Orpa échec yangu yote. Nilibeba muda murefu, mabega inauma. Orpa, yeye mwenye haikalake fasi ya moto! Banc yangu ya darasa iko na moto sana. Kuya ukae!"

Ukumbi ulilipuka. Orpa ndiye mimi, na échec ni kule kuanguka kwake kote. Bwana Bertin, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Nikaenda mbele. Ricky alikunywa, na tone moja likabaki kwenye ndevu zake. Kikombe alichonipa kilikuwa na chembe za mahindi zinazoelea, na ukingo wote ulikuwa umelowa. Hapakuwa na mahali pakavu pa kuweka mdomo. Nilitafuta.

Nikafumba macho nikanywa. Ilikuwa vuguvugu. Nikasema "Nimepokea," nikatoka nje, nikasukutua kinywa kwa maji ya bomba mpaka meno yakaniuma.

Jumatatu, 19 Mei

Wananiita Madame Échec. Wamepata cha kufurahia.

Alhamisi, 22 Mei

Jessy alipita sokoni, akamsimulia mama habari ya testamenti huku akicheka. Mama hakucheka. Alifunga meza yake mchana, jambo ambalo hafanyi hata kwa msiba, akaja nyumbani na mikono bado ina magamba.

"Ni kweli ulikunywa échec ya muntu?"

"Mama, ilikuwa muchezo ya masomo."

"Na kinywa yako weye mwenyewe ulisema nimepokea?"

"Bote banasemaka vile, mama."

"Bale bengine ni Bakatoliki, banachezaka na kila kintu. Shetani haiulizake kama mulikuwa munacheka. Muntu anakuachia kintu, unakunywa, unasema nimepokea. Bilibakia nini?"

Nilimwambia Ricky anaanguka kwa sababu hasomi. Mama aliniangalia kama mtu aliyeongea kwa usingizi.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Tumbo halina kitu.

Baada ya ibada mama alinipeleka mbele kwa Mchungaji Albert. Mchungaji ana sauti kubwa na anaombea watu kwa karibu sana, kwa hiyo unapata maombi na unapata mate. Yalinifika kwenye kope. Alinishika kidevu kwa mkono uliokuwa umeshika videvu vya kanisa zima. Wakaninywesha maji ya chumvi na mafuta, kikombe baada ya kikombe, na kina mama wakaimba wakinizunguka na beseni. Nikatapika. Waliinama kutazama ndani ya beseni. Watu wazima, wenye vitambaa vizuri vya kichwani, waliinama kutazama matapishi yangu kama wanatafuta pete!

"Haiko inatoka," Mchungaji akamwambia mama. "Mama Gertrude, hii kintu ilipewa na kinywa. Kinywa ile ile njo itairudisha. Ule kijana akuye hapa mbele ya Mungu akamate kintu yake, mbele ya examen yake."

"Na asipokuya, Papa Pasteur?"

"Utamutuma namna gani masomoni na kintu sawa ile? Ataanguka, ataanguka, mupaka uzee."

Mama aliamua palepale, mbele ya beseni. Sitarudi darasani mpaka Ricky aje. Na kama mtihani wa Serikali utaanza bila yeye kuja, masomo yangu yamekwisha. Nitakwenda Kambove kwa mama mdogo kuwapikia wachimbaji. Baba yuko huko mashimoni, na atakubali lolote atakaloambiwa.

Nataka kuwa daktari wa meno. Sijawahi kumwambia mtu, maana najua watakavyocheka: Mama Kinyaa ndani ya vinywa vya watu. Lakini mimi ndiye ningeviosha.

Jumanne, 27 Mei

Sokoni na mama. Samaki, barafu, maji mekundu yanapita kati ya vidole vya miguu. Wanafunzi wenzangu walipita na sare zao za bleu-blanc, nikainama chini ya meza.

Ijumaa, 30 Mei

Nilitoroka sokoni nikaenda kumtafuta Ricky. Finalisti walikuwa wanaota jua kwenye ukuta wa darasa lao. Nilidhani kazi itakuwa rahisi. Mtu anayecheka na kila kitu atashindwaje kuja kucheka kanisani kwetu kwa muda mfupi?

Nikamweleza yote. Alicheka kwenye beseni, alicheka kwenye mafuta. Nilipofika kwenye kurudisha, kicheko kikakatika.

"Hapana, Orpa. Ile siwezi."

"Ya Ricky, kaka yangu, ni maneno tu. Unasema nimerudisha, unakunywa, unarudia kwenu."

"Kama ni maneno tu, juu ya nini weye unalia?"

Sikuwa nikilia. Nilikuwa na vumbi jichoni.

"Sikia," akasema, na akashusha sauti, "tangu siku ya testament nalala muzuri. Nafungua kitabu, bintu binaingia mu kichwa. Haiyakuwaka vile. Minye nilisema vile kwa kuchekesha bantu, lakini ile siku nilisikia mabega iko mwepesi. Na sasa unataka nikamate tena? Mbele ya examen?"

Clovis, ambaye hajawahi kuamka kwa jambo lolote, aliamka kwa hili. "Usikamate, mon vieux. Ilisha kutoka, ilisha kutoka."

Basi wanaamini! Wote. Mwaka hadi mwaka wanatucheka sisi wa makanisa ya maombi, kwamba tunaona shetani hata kwenye sufuria, na sasa walisogea mbali nami kama nina upele. Germain alikuwa ameshika chupa ya maji. Nilipoitazama tu, akaifunga kifuniko.

Bwana Bertin alipita. Nikamwomba aseme neno, yeye mtu wa sayansi. Akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba huo ni ujinga unaoiangusha nchi. Halafu akamgeukia Ricky na kumwambia taratibu, akidhani sisikii: "En tout cas, weye usiende kule. Mutu hawezi jua."

Nilirudi sokoni. Nimezoea kuchukizwa na watu kwa pua. Leo nimechukizwa nao bila harufu yoyote, na hiyo haitoki kwa maji.

Jumatano, 4 Juni

Mama ameanza kukunja nguo zangu.

Jumanne, 10 Juni

Ricky amekuja sokoni. Sikumwona mpaka kivuli chake kilipofika juu ya meza. Nilikuwa natoa matumbo ya samaki, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na nina gamba limeganda shavuni ambalo sikuweza kulifuta kwa sababu sikuwa na kidole kisafi.

"Nilisikia kwa Jessy," akasema. "Ni kweli, bakukatalisha masomo?"

"Unaona iko darasa hapa?"

"Na Kambove, ni kweli?"

"Lundi, siku examen yenu inaanza. Weye utaingia mu salle, minye nitapanda gari."

Alitafuta kalamu mfukoni ya kutafuna, hakupata. Mama alikuwa upande wa pili wa meza, akikata vichwa vya samaki kwa kisu.

"Ile siku nilikuwa na jina ingine mu kichwa," Ricky akasema. "Nilikuwa nitaachia Jessy. Lakini Clovis alimukamata mbele. Njo nikaona weye, umeziba pua."

Akaondoka. Nilimchukia hadi jioni. Naona aibu kuandika kwamba wakati huohuo nilikuwa nikiomba aje.

Jumapili, 15 Juni

Amekuja.

Alikuja na shati la shule lililopigwa pasi. Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kama Mkatoliki aliyepotea njia. Mchungaji Albert alimwona katikati ya mahubiri, akaacha mahubiri. Kanisa zima likageuka.

Walimpigisha magoti kwenye saruji. Mchungaji akajaza kikombe maji yenye mafuta, akanipa mimi ninywe kwanza. Nikanywa, nikampa Ricky. Alikipokea vibaya, na maji yakamwagikia kola ile iliyopigwa pasi.

"Sema," akaamuru Mchungaji.

"Minye Ricky," akasema. Nilingoja acheke. Katika miaka yote niliyomfahamu hajawahi kutaja jina lake bila kucheka. "Minye Ricky, kintu niliachia Orpa, narudisha kwangu. Orpa haina na deni. Nimepokea."

Akanywa yote.

Kina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu alilia, akanikumbatia, akanibusu usoni kwa mdomo wenye chumvi. Mchungaji akapaza sauti ya ushindi. Watu wakasogea kunipongeza, na kila aliyesogea kwangu alimzunguka Ricky kwa mbali, maana bado alikuwa amepiga magoti na hakuna aliyemwambia ainuke. Hawakumwombea. Kijana anaingia mtihanini kesho, kanisa limejaa watu wanaojua kuomba, na hakuna mdomo mmoja uliomwombea!

Nilitaka kumwombea mimi. Sikujua nianze vipi, na mama alikuwa amenishika.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi darasani. Jessy ameniuliza kama sasa niko msafi. Nikamwambia asinisemeshe.

Ijumaa, 20 Juni

Mtihani wa Serikali umekwisha. Wanasema Ricky alitoka wa kwanza kila siku.

Alhamisi, 24 Julai

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Matokeo yametoka kwenye simu, na mji umekuwa mweupe: waliopita wanamwagiwa poda na unga vichwani, wanabebwa mabegani, pikipiki zinapiga honi hadi Shituru. Clovis amepita. Clovis, aliyelala miaka sita! Fidélie amepita, Germain amepita. Nimewaona wakicheza barabarani na nyuso kama za maiti.

Ricky ameanguka. Peke yake.

Nilipoambiwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupumua. Nilipumua kama mtu aliyeteremsha ndoo kichwani. Halafu nikajisikia nilivyopumua, nikakaa chini kwenye vumbi. Najua haikuwa kikombe. Siku zile chache alizokuwa mwepesi alisoma, Jessy mwenyewe aliona. Halafu tukampigisha magoti siku moja kabla, tukamwambia mbele ya watu mia kwamba ataanguka, na yeye akatusadiki. Hapo uchawi wa nini?

Mama alifika kutoka sokoni akikimbia. Alipiga vigelegele mlangoni, na majirani wakadhani kuna finalisti kwetu.

"Uliona? Uliona, Orpa? Ile échec ilikuwa ikupate weye! Ilimurudia mwenyewe! Mungu iko mukubwa!"

Alicheza. Alishika ncha za kitenge akazunguka sebuleni, mama yangu ninayempenda, na harufu ya samaki ikazunguka naye. Nimeishi na harufu ile tangu nizaliwe, sikuwahi kuitapikia. Leo nimekimbilia nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 26 Julai

Mama alinichagulia kuku, jogoo mnene, akamfunga miguu na kumweka ndani ya beseni.

"Peleka kwao Ricky. Muntu anakubebea muzigo, haumuachake mikono tupu. Lakini usikae."

Baba yake Ricky anavunja mawe ya chokaa Kakontwe. Nyumba yao ina chokaa hadi kwenye majani ya maua. Mama yake, Mama Marlène, alifungua mlango na rozari mkononi. Alipomwona kuku, akanitazama, akaanza kulia.

"Tangu jeudi ya matokeo hakuna muntu alipita huu mulango," akasema. "Hata bale barafiki yake, bale bakuwaka banakula hapa. Banatupita sawa tuko na ugonjwa. Weye njo wa kwanza, mwanangu. Maman yako njo alikutuma?"

"Ndiyo, mama."

"Umwambie nitamuombea kila asubuhi. Kila asubuhi!"

Mama Marlène hakuwa ameambiwa. Ricky hakumwambia chochote, si kanisa, si kikombe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenyoa ndevu, anaonekana mdogo. Alimtazama kuku, akanitazama mimi. Alielewa kuku yule ni wa nini. Nilingoja aseme. Nilitamani aseme, anitukane mbele ya mama yake, nipate nafuu.

"Mama," akasema, "mupatie maji ya kunawa. Alibeba kuku tangu mbali."

Mama Marlène aliosha beseni letu, akalijaza karanga za kuchemsha, maana kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akanishika mikono yote miwili. "Mwaka ijayo atafanya tena. Mutakuwa darasa moja. Utamusaidia, hein? Weye uko na roho ya muzuri." Nikasema ndiyo. Ricky akafungua mlango, nikatoka.

Mama alikuwa ananingoja uani.

"Balipokea?"

"Balipokea. Anasema atakuombea kila asubuhi."

Akaziona karanga. Akarudi nyuma hatua nzima, mkono juu ya mdomo.

"Kintu ya ile nyumba! Orpa, weye hauna na akili? Tupa! Tupa mbali, nyuma ya ukuta, na unawe mikono, na beseni uisugue na majivu!"

Nyuma ya ukuta ni pale majirani wote wanapotupa majivu na vichwa vya samaki. Nzi waliinuka niliponyata, kisha wakatulia. Nikatafuta jiwe, nikakaa, nikaweka beseni magotini. Karanga zilikuwa bado na joto. Mama Marlène alikuwa ametia chumvi vizuri. Nikazila zote, moja moja, sikuharakisha, na maganda nikayatia mfukoni ili yasionekane.

"Orpa! Ulisha kutupa?"

"Nilisha kutupa, mama."